Farasi Aliyeogopa Kupewa Pole

Ninyi mnaoanza sasa kazi niliyoiacha mimi, mkimkuta farasi kijana anatetemeka, msimwambie pole. Najua neno hilo litakuwa limekwisha kufika mdomoni kabla hamjafikiri, kwa sababu ndivyo mlivyolelewa. Nami nililelewa hivyo hivyo, katika nyumba ya wavuvi na wakulima upande wa Mara. Limezeni. Sababu yake ni ndefu kidogo, lakini kwa kuwa nyonga yangu hainiruhusu tena kukaa juu ya tandiko, nafasi ya kuieleza ninayo.

Farasi si mnyama wa Mwanza. Ng'ombe kila mtoto anamjua, na punda pia. Farasi alikuwa kitu cha kusimamisha watu njiani. Watoto walimwita punda wa kizungu. Mzee mmoja wa Pasiansi aliniuliza, bila utani wowote, faida ya mnyama asiyekamuliwa, asiyelima na asiyeliwa. Nilimjibu kwamba humfundisha mtu kutulia. Akanitazama, akamtazama farasi aliyekuwa akinizungusha kama mtungi kichwani mwa mlevi, kisha akasema kwamba yeye ataendelea na ng'ombe wake.

Swali lake nimelifikiria miaka yote hii, na bado nadhani jibu langu lilikuwa sahihi. Lilitolewa tu mahali pasipofaa.

Nilianza kazi hiyo nikiwa nimemaliza shahada ya uzamili ya tabia za wanyama na nikiwa nimevunjika mkono, na mambo hayo mawili hayakuwa mbali. Niliangushwa na farasi wakati wa utafiti wangu. Mfupa uliunga vizuri. Kilichokuwa hakijaunga ni mimi. Niliweza kueleza kwa kirefu jinsi hofu inavyojengeka ndani ya mnyama, hatua kwa hatua, lakini nikiweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, kile cha chuma cha kukanyagia, pumzi ilikwama. Hata hivyo nilihitaji kazi, na kazi iliyokuwapo ilikuwa kwa Mama Koku.

Jina lake kamili lilikuwa Kokugonza. Alikuwa Mhaya, mfamasia mstaafu, Mlutheri asiyekosa ibada, na mtu ambaye sijapata kumsikia akirudia sentensi. Alikuwa na mabanda ya farasi wachache mbele ya Pasiansi, pale mawe makubwa yanapoachia ufukwe nafasi, na watoto wa mjini waliletwa kwake kujifunza kupanda. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauangalia mkono wangu na kuuliza kama ilikuwa farasi au pikipiki. Nikasema farasi.

"Vizuri," akasema. "Basi wanavyoangusha unajua. Hilo sitakufundisha."

Mwenzangu wa kazi alikuwa Masanja, Msukuma wa Magu, mwanamume mpana mwenye sauti ya upole, ambaye kabla ya farasi alikuwa akifundisha maksai kulima. Tulilingana umri na ubishi. Aliniita Mwalimu, na alilitamka neno hilo kwa namna iliyonifanya nitamani kuitwa kitu kingine.

Mimi na Masanja ndio tuliotumwa kumleta Sato. Alikuwa farasi jike, kijana, wa rangi ya fedha iliyochafuliwa na kijivu, ndiyo maana akapewa jina la samaki. Mnaotafuta majina ya farasi mjifunze hapo: ukiita "Sato! Sato!" kwenye ufukwe wa ziwa, lazima mtu atatokea kuuliza kama ni mbichi au wa kukaanga. Tulimtoa shamba moja upande wa Sengerema ambalo mwenyewe alikuwa akihama. Wakati huo daraja lilikuwa bado, na lori letu lilivuka kwa kivuko kutoka Busisi kwenda Kigongo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza, ingawa sikuyaona. Mlango wa chuma wa kivuko ulipoinuliwa ulipiga kishindo, honi ikalia juu yetu, na Sato, ambaye hajawahi kusimama juu ya kitu kinachoelea, akaanguka magoti ndani ya lori. Abiria wote waliosimama pembeni wakamwonea huruma. "Pole!" walisema, wanawake kwa wanaume, "pole mama, pole sana." Masanja alimshika shingo na kumwambia pole. Mimi nilimwambia pole. Tangu pale hadi ng'ambo hakuna neno jingine aliloambiwa mnyama yule, nalo kila mara liliambatana na kishindo, honi au mawimbi.

Tulipomshusha kwa Mama Koku, aliruka kivuli chake mwenyewe. Mama Koku alimzunguka kwa mbali, mikono nyuma.

"Shule zikifungwa watoto watajaa hapa," alisema. "Nataka siku hiyo atembee ufukweni na mtu mgongoni, na arudi ametulia. Asipoweza, kuna bwana wa Igoma anahitaji mnyama wa kuvuta mkokoteni wa mchanga. Sitafuga hofu."

Nilimfahamu huyo bwana wa Igoma kwa wanyama wake. Niliwahi kuwaona barabarani na mapaja yao yaliyochunwa na kamba. Farasi mwoga akifungwa mkokoteni hufanya jambo moja tu: hukimbia mpaka kitu kivunjike, na mara nyingi kinachovunjika ni yeye. Kwa hiyo elewaneni nami: sikuwa nafundisha farasi ili nipendeze. Nilikuwa namzuia asiende Igoma.

Sasa niwape kidogo ya ufundi, kwa maana huenda wengine mmekuja kwa ajili hiyo.

Farasi kijana mwoga hapelekwi kwenye kitu anachokiogopa. Hupewa nafasi ya kukiendea. Msimamisheni mbali, pale anapokiona kwa macho yote mawili lakini bado anaweza kutafuna. Midomo ikikaza, mmekaribia mno. Mrudisheni nyuma kabla hajaomba mwenyewe. Msimsimamie mbele ya uso, simameni begani. Hatamu ziwe legevu, kwa sababu mkono uliokaza unamwambia kwamba hata wewe umeona simba. Muwe na farasi mzee wa kutangulia. Sisi tulikuwa na Babu, mvivu kupita kiasi, ambaye angepita katikati ya harusi na matarumbeta yake bila kuinua sikio. Kijana akimwona mzee hashtuki, naye huanza kujiuliza kwa nini ashtuke. Na katisheni somo pale anapofanya vizuri, si pale anapochoka. Wengi wenu mtashindwa hapo, kwa kuwa akifanya vizuri mtataka arudie.

Yote hayo tuliyafanya. Sato alizoea turubai linalopepea, miavuli, magugumaji yanayosukumwa na mawimbi, na wale korongo wakubwa wenye upara ambao hata mimi sijawapenda mpaka leo. Alikubali tandiko. Alikubali uzito wa Masanja akijilaza tumbo juu yake, jambo ambalo, kwa upana wa Masanja, lilihitaji moyo. Lakini kila tulipodhani ametulia, aliruka bila sababu. Hapakuwa na turubai wala korongo. Masanja anakuwa amempanda vizuri kabisa uwanjani, Sato ameongeza mwendo kidogo, naye anamwambia kwa sauti yake laini, "Polepole, polepole." Na Sato anafyatuka kama aliyechomwa.

Nililifikiria jambo hilo mpaka chakula kikakosa ladha. Nilichunguza meno, mgongo, lijamu ya mdomoni, mkanda wa tumboni. Nilibadilisha majani. Masanja alinitazama nikipima tandiko kwa mara nyingine akasema, "Mwalimu, tatizo si kwamba wewe hujamsoma farasi. Tatizo ni kwamba yeye amekusoma kwanza, na hakupenda alichokikuta."

Jibu lilikuja kwangu mwenyewe, au tuseme lilikuja kupitia mkono wangu. Nilikuwa nimesimama getini na Sato, kamba mkononi, akapita jirani yetu, mama mmoja muungwana, akaniambia kama alivyoniambia kila siku tangu nihamie, "Pole na mkono, dada." Nikauvuta mkono kifuani. Sikukusudia. Mkono ulikuwa umepona zamani, lakini kila aliyenipa pole alinirudisha chini, kwenye vumbi lile, na mwili ulijikunja kabla yangu. Na pembeni yangu, kwa neno lile lile, nilimwona Sato akikaza shingo na kuzuia pumzi.

Tulikuwa tumefanya jambo moja, mimi na yeye, kwa wakati mmoja.

Nikamwita Masanja. Nikamwomba asimame mbali, aseme neno lolote kwa sauti ile ile laini. Akasema, "Ugali." Sato akapiga masikio, akaendelea kutafuna. Akasema, "Magu." Hakuna kitu. Akasema, "Pole," na Sato akaruka upande, kamba ikanichoma kiganja.

"Pole, Mwalimu," akasema Masanja, na Sato akaruka tena.

Fikirini. Tangu kivukoni, kila baya lilipomtokea farasi yule, watu wema walimwambia pole. Hakujua kwamba lilikuwa neno la huruma. Alilijua kama mbwa anavyolijua jiwe mkononi: likionekana, kuna jambo linakuja. Nasi tulipotaka apunguze mwendo tulimwambia polepole, yaani tulimtangazia hatari mara mbili. Sidhani kwamba kosa hilo lingeweza kufanywa na watu wa nchi nyingine yoyote. Lilitaka watu wenye adabu.

Kwa kuwa nilikuwa msomi, nilitoa agizo: neno hilo lisitamkwe tena ndani ya boma. Agizo lilidumu mpaka Masanja alipojigonga kidole gumba kwa nyundo akitengeneza mlango wa banda. Tulikuwapo watu kadhaa, na sote tukasimama kimya tukimtazama akiruka kwa mguu mmoja. Alipomaliza kuruka, alitugeukia.

"Nimeumia mbele ya watu wazima," alisema, "na hakuna hata mmoja wa kunipa pole. Basi nijue tu kwamba hapa sina ndugu."

Nilimkumbusha agizo. Alisema agizo ni la farasi, kidole ni cha mtu. Hakunisemesha siku nzima, na kwa kweli sikumlaumu. Nilipomweleza Mama Koku, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe: boma nimelifunga mdomo, je, ufukwe nitaufunga kwa kitu gani? Kwani njia ya ufukweni ilipita kwa wanawake wanaoanika dagaa, nao hawakuwahi kumwona mtu akifanya kazi wakamnyamazia. "Poleni na kazi," walisema kila tulipopita, wote, mmoja baada ya mwingine, kama vijiti vya uzio vinavyogongwa.

Basi kama neno haliwezi kuondolewa, libadilishwe maana. Hilo ndilo wazo pekee la kazi yangu ninalojivunia, nalo ni jepesi: tangu siku ile, Sato asisikie pole bila kupata kitu kizuri mara tu baada yake. Kabla ya kuogopa, pole, kisha kitu kitamu. Amesimama kwenye kivuli, ametulia, pole, kitu kitamu. Siyo wakati wa hatari, mnanielewa? Mnaanza palipo salama.

Kitu kitamu kilikuwa michembe. Wasiotoka kwetu wajue ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, akiba ya Wasukuma kwa miezi mikavu. Nililowanisha kila kipande kwanza, maana kikavu kinaweza kumkaba farasi, na nilitoa kidogo sana, kwa kuwa utamu mwingi humharibia kwato. Masanja alikuwa akivileta kutoka kwao huku akilalamika.

"Bibi yangu alitulea kwa michembe hii mwaka wa njaa," alisema. "Akifufuka akakuta inaliwa na farasi, atarudi kaburini mwenyewe bila kusindikizwa."

Lakini alileta. Na yeye ndiye aliyekuwa na pole nzuri kuliko sote, ya kutoka kifuani, hivyo tulimpa kazi ya kuisema. Mwanzoni Sato alikaza shingo, akakumbuka kipande, akakifuata kwa mdomo huku macho yakiwa bado yametoka. Baadaye shingo haikukaza. Baadaye zaidi alianza kugeuza kichwa kuutafuta mkono. Kuna asubuhi moja jirani yetu muungwana alipita na "pole na mkono" yake, na farasi akaweka pua mfukoni mwangu kwa nguvu kiasi cha kunisukuma ukutani.

Nikabaki mimi. Masanja alikuwa mzito mno kwa Sato kwenye mchanga mlegevu, na Mama Koku alikuwa amekwisha kusema kwamba siku ile atapanda Mwalimu. Sikubishana. Nilijifundisha kwa njia ile ile niliyomfundisha farasi: siku ya kwanza nilisimama tu kando ya tandiko mpaka pumzi ikashuka, baadaye nikaweka mguu kwenye kikuku na kuutoa, baadaye nikajilaza, baadaye nikakaa. Sikujipongeza mapema wala sikurudia kilichokwenda vizuri. Na nilipoteremka, michembe nilikula na mimi. Mkiwa na farasi mwoga na mtu mwoga, wafundisheni pamoja. Wanaoneana aibu kukimbia.

Shule zilifungwa. Mama Koku alikwenda ufukweni na mwavuli wake, akakaa juu ya jiwe. Babu aliachwa bandani, kwa sharti la Mama Koku. Nilimpanda Sato, tukashuka njia, hatamu legevu. Masikio yake yalikwenda mbele, nyuma, mbele. Tulifika kwa wanawake wa dagaa. "Poleni na kazi," wakasema, na Sato akageuza kichwa kwa adabu hadi kwenye goti langu, nikampa kipande, tukapita. Nilianza kufikiri kwamba jambo limekwisha. Ni wakati huo huo korongo mmoja mwenye upara alipoibuka kutoka nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, akafungua mabawa yake yote mbele ya uso wetu.

Sato aliruka upande. Mimi nilibaki pale alipokuwa, kisha nikashuka, kama vitu vyote vinavyoshuka, juu ya wavu wa dagaa.

Nikiwa chali nilisikia ufukwe wote ukinipa pole. Wanawake wa dagaa, wapaka rangi wa mitumbwi, mtu aliyekuwa akioga: "Pole! Jamani pole! Pole sana dada!" Tangu kivukoni Sato hakuwa amesikia pole nyingi namna ile kwa mara moja, tena zikifuata kishindo, na hatamu zilikuwa zimelala mchangani. Hapakuwa na mtu wa kumshika. Mbele yake kulikuwa na ufukwe mtupu hadi macho yanapoishia, na nikafikiri, kwa utulivu wa ajabu, kwamba sasa anakwenda Igoma.

Aliinua kichwa. Mbavu zilipanda na kushuka. Kisha akaja, akachagua pa kukanyaga katikati ya nyavu, akashusha pua hadi kifuani mwangu, akaanza kuutafuta mfuko.

Nilimpa vyote vilivyobaki. Mama mmoja akaja mbio kuniinua, akasema, "Pole, dada, umeumia?" na Sato akamgeukia na kuanza kuinusa kanga yake, fundo kwa fundo.

"Huyu naye anataka nini kwangu?" mama yule aliuliza, akirudi nyuma huku akicheka.

"Umempa pole," nilimwambia. "Anasubiri."

Mama Koku alikuwa amefika. Alifunga mwavuli. Alimtazama Sato, akanitazama mimi, na dagaa waliokuwa nywelani mwangu.

"Bwana wa Igoma atafute punda," alisema. "Farasi amebaki. Na wewe?"

Niliangalia mkono wangu. Ufukwe mzima ulikuwa umenipa pole na mkono haukuwa kifuani. Ulikuwa shingoni mwa farasi. Nikaokota hatamu, nikaweka mguu kwenye kikuku, nikapanda, na wanawake wa dagaa wakanipigia vigelegele, jambo ambalo hatukuwa tumemzoesha Sato hata kidogo. Alirudi nyumbani kwa kasi kidogo kuliko nilivyopenda, lakini alirudi na mimi juu yake.

Watoto waliojifunzia mgongoni mwake sasa wana watoto wao. Sifa yake moja mbaya ni kwamba hakuna aliyeweza kumpitisha karibu na msiba: akisikia "poleni" alisimama na kukataa kuondoka mpaka ahudumiwe, na mara moja wafiwa walidhani amekuja kuomboleza, wakamletea maji.

Kwa hiyo nawaambia tena, msimwambie pole farasi mwoga. Lakini kama limekwisha kuwatoka, kama lilivyotutoka sisi, msilifukuze neno, lifundisheni. Juzi nilijikwaa kwenye ngazi za kanisa, na kijana mmoja, mtoto wa watu, akawahi kunishika. "Pole, bibi," akasema. Kabla sijamshukuru, mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni, unatafuta.